Delfina na Mtu wa Kumi

Delfina Jona hakujua kupamba maneno, na kazi yake ya Jumapili ilikuwa kutembeza wageni. Nilimwambia mara nyingi kwamba mambo hayo mawili hayapatani. Siku za kazi alikaa dirishani posta akigonga mihuri. Jumapili alivaa koti lake la kijivu, akachukua mwavuli wa marehemu mama yake, akawapitisha watu katika vichochoro vyetu sisi Wayahudi wa Casale, Italia, mpaka kwenye sinagogi. Mgeni akimuuliza kama ni kweli kuna njia ya chini kwa chini inayotokea mto Po, Delfina alimtazama kama mtu aliyemletea bahasha isiyo na stempu.

"Hakuna. Aliyekwambia amekudanganya."

Watembezaji wa Torino wana mizimu na dhahabu iliyofukiwa, na wageni wao huondoka wakicheka. Wa Delfina waliondoka wakiwa kimya. Alikuwa hasemi kitu ambacho hawezi kukithibitisha, hata kama ni kitu kizuri, hata kama hakimdhuru mtu. Mimi, Allegra Foa, muuza vifungo na nyuzi, ndimi niliyemfuata nyuma na funguo ili wageni wasipotee na milango isibaki wazi. Kwa hiyo niliyaona yote ya Jumapili ile ya Februari, na sijayasahau.

Baba yake, Mzee Lelio, alikuwa anaumwa ugonjwa wa mji wetu, ule wa vumbi la kiwandani. Pafu moja lilikuwa limekufa na la pili linaburutwa. Daktari alikuwa amekwishamwambia Delfina, pembeni, kwamba mzee hataiona baridi nyingine. Na mzee alikuwa na jambo moja kila mwaka: kumsomea Kadishi, sala ya marehemu, dada yake mdogo Emma. Wakati wa vita Emma alichukuliwa na wanajeshi waliokuwa wakiwasaka Wayahudi, akiwa na miaka sita. Lelio alikuwa shambani kwa wakulima waliomficha, Emma alikuwa kitandani na homa, na hawakuweza kumsafirisha. Siku aliyofia huko walikompeleka haijulikani, basi mzee alishika siku aliyochukuliwa. Mwaka huo siku yenyewe iliangukia Jumapili hiyo, na ilikuwa inaisha jua likizama.

Kadishi haisomwi na mtu peke yake. Wanatakiwa wanaume kumi, Wayahudi, waliotimia utu uzima. Zamani hilo halikuwa neno, maana kwenye kichochoro kimoja tu ungewapata hao kumi wakigombania kiti. Siku hizi Casale tunao tisa, nao wanatembea kwa fimbo. Wa kumi tulikuwa tunamwazima kutoka mji wa Vercelli, Bwana Treves, mtu mwema sana lakini dereva mbaya.

Wageni walikuwa wameshateremka kwenye basi, wastaafu kutoka Bergamo, tulipopata simu kutoka kwa Treves. Ukungu ulikuwa umelala juu ya mashamba ya mpunga, na gari lake lilikuwa limeingia mferejini. Yeye mzima, gari halitoki.

Delfina aliweka simu chini, akafunga vifungo vya koti mpaka shingoni.

"Tuko tisa," akasema.

"Mwambie baba yako aahirishe."

"Aahirishe mpaka lini, Allegra?"

Tukatoka na wageni.

Sijawahi kumwona akitembea haraka vile. Aliwapitisha penye lango la zamani bila kusimama, akaeleza nyumba ya waoka mikate kwa sentensi mbili, akawaacha akina mama wakihema. Mimi nilikuwa naangalia juu. Jua lenyewe halikuonekana, ila weupe fulani nyuma ya mapaa, nao ulikuwa unapungua. Sinagogini, juu ya ngazi, wazee tisa walikuwa wamekwishakaa na makoti yao, Lelio mbele kabisa na chupa yake ya hewa miguuni.

Ndipo kiongozi wa wale wastaafu akageuka na kupiga kelele, "Pesaro! Usibaki nyuma, tutakuacha!"

Delfina akasimama. Nami nikasimama.

Kwetu mtu anayeitwa kwa jina la mji, Pesaro, Modena, Ancona, hahitaji kujieleza kwamba ni mwenzetu. Babu zetu walipofukuzwa mji mmoja na kukimbilia mwingine waliitwa kwa mji waliotoka, na majina yakaganda. Nikamtazama Pesaro mwenyewe. Mzee mnene, masharubu meupe, amesimama mlangoni pa sinagogi mbele ya kibao chenye majina ya waliochukuliwa, anayasoma moja moja, na macho yamemlowa.

"Umesikia?" Delfina akaninong'oneza.

"Nimesikia."

"Nenda kamuulize."

"Kamuulize wewe! Mimi ni mtu wa funguo."

Na hapo msituhukumu haraka. Kuna swali moja ambalo sisi hatumuulizi mtu usoni: wewe ni Myahudi? Mwaka wa zile sheria za kutubagua, kabla ya vita, serikali ilipita nyumba kwa nyumba ikiliuliza, watu wetu wakajibu kwa uaminifu, na baada ya miaka mitano walijulikana walipo, mlango kwa mlango. Tangu hapo nimelelewa, na Delfina amelelewa, kwamba mtu akitaka atasema mwenyewe. Tunazunguka. Tunauliza jina, tunauliza bibi yake alipika nini.

Delfina akamwendea. "Bwana Pesaro, samahani. Leo jioni tuna sala, na tumepungukiwa na mwanaume mmoja. Utapanda nasi?"

Yule bwana akaishika kofia yake kwa mikono miwili. "Kwa heshima kubwa, mama. Kwa heshima kubwa sana."

Mnataka nini zaidi ya hapo? Sisi hatukutaka. Wageni wengine tukawapeleka mkahawani kunywa chokoleti ya moto, na Pesaro akapanda. Niliona machozi mashavuni mwa Delfina na nikajifanya natafuta ufunguo.

Wanawake tunakaa juu, nyuma ya ukuta wa mbao wenye nakshi na vitundu. Ukiweka jicho kwenye kitundu unaona ukumbi mzima, nao hawakuoni. Tulikuwa wawili tu. Chini, Mzee Lelio aligeuka akamwona mgeni anaingia, akainua mkono bila kusema, kwa sababu pumzi alikuwa anaiweka akiba. Wazee wakaelekea mbele kwenye kabati la Torati, wakaanza sala ya alasiri mbiombio. Pesaro akachagua nafasi nyuma ya wote.

Kisha akatazama lile kabati, dhahabu yote ile, akateremsha goti moja sakafuni na kufanya ishara ya msalaba.

Hakuna aliyemwona isipokuwa sisi. Aliinuka taratibu, akajipangusa suruali, akafungua kitabu alichopewa. Alikishika juu chini.

Vidole vya Delfina vilinikamata mkono mpaka mfupa.

"Umeona?"

"Sikuona kitu."

"Allegra!"

"Nasema sikuona kitu, na wewe hukuona! Ukungu umeingia mpaka humu."

"Si mwenzetu. Ni Mkatoliki wa Bergamo."

"Na huenda babu yake alikuwa mwenzetu. Jina hilo halikutoka hewani."

"Huenda," akasema Delfina, na alilitamka neno hilo kwa chuki. "Unaweza kuthibitisha?"

Chini sala ilikuwa inakimbia. Nilijua ilipofika, na yeye alijua. Kurasa mbili, halafu Kadishi. Lelio alikuwa ameshaanza kujiinua, mkono mmoja kwenye benchi, mwingine kwenye chupa. Ile rangi ya madirishani ilikuwa imegeuka kijivu.

"Nisikilize, bibie," nikamwambia sikioni, na nilikuwa nimekasirika, siwezi kuficha. "Mzee wako anakufa. Anataka maneno machache kwa ajili ya mtoto. Wale wanane wataitikia Amina, yule mnene ataitikia Amina, na kila mtu atakwenda kulala na moyo mtulivu. Unamnyima nini Mungu? Mtu mmoja? Ameshachukua wangapi wetu bila kuhesabu?"

"Baba hajanituma nimdanganye."

"Hajakutuma umuue pia."

Akaniachia mkono. Lelio alikuwa amesimama. Alivuta pumzi moja ndefu, ikapiga mluzi ukumbi mzima, akafungua mdomo.

"Baba, ngoja."

Sauti yake ilipita kwenye vile vitundu na kushuka chini. Wazee wote wakageuka kutazama juu, mahali wasipoweza kuona mtu.

"Baba, tuko tisa. Ni kosa langu. Sikumuuliza."

Pesaro alikuwa wa kwanza kusema, maskini, amekuwa mwekundu mpaka masikioni. "Nimefanya nini? Mama alisema mmepungukiwa na mwanaume. Kijijini kwetu siku ya sanamu ya mtakatifu tukipungukiwa na mbebaji tunamwita yeyote anayepita. Nikadhani…" Kisha akaelewa, sijui ni nani alimwelewesha. Akavua kofia, akakumbuka kwamba humu vichwa hufunikwa, akaivaa tena. "Nisameheni. Mungu wangu, nisameheni."

Lelio hakumtazama. Alikuwa anatazama juu.

"Una hakika, Delfina?"

"Nina hakika, Baba."

Akafunga kitabu. Alikaa chini kwa shida, na hakuna aliyemsaidia kwa sababu hakuna aliyethubutu. Halafu akamgeukia yule bwana wa Bergamo. "Keti, ndugu yangu. Ngazi zetu ni kali, pumzika kwanza." Walikaa hivyo wote kumi mpaka madirisha yakawa meusi na siku ya Emma ikaisha.

Nilishuka bila kumsemesha Delfina. Nilimwona mkatili, na nikamwambia hivyo mlangoni huku nikizungusha ufunguo. Nilimwambia kwamba amezoea kurudisha bahasha za watu mpaka amemrudishia baba yake ya kwake. Alifungua mwavuli ingawa hakukuwa na mvua, akaenda kuwachukua wageni mkahawani, akamaliza matembezi, na alieleza mahali palipobaki kama kawaida.

Kesho yake asubuhi nilipeleka supu, kwa ajili ya mzee, si kwa ajili yake. Lelio alikuwa ameketi jikoni na blanketi. Tangu jioni hakuwa amesema neno na binti yake. Delfina alikuwa anaosha kikombe kilichokwisha takata.

"Ungenyamaza," mzee akasema ghafla, "ningejua?"

"Usingejua, Baba."

"Mungu angejua."

"Ndiyo."

Mzee akavuta pumzi, akasubiri, akavuta nyingine. "Mungu alijua mengi mwaka ule, mwanangu, na hakusema neno. Wewe umesema." Akausukuma mkate upande wa Delfina. "Kaa ule."

Akala. Nami nikaondoka, maana nilikuwa bado nina hasira.

Mzee Lelio alikufa Aprili, wiki moja kabla ya Pasaka yetu. Na hapo ndipo nilipotaka kumpiga mtu, kwa sababu walikuja. Walikuja kutoka Torino, Milano, Genova, binamu na wana wa binamu na watu waliofanya naye kazi ujanani, wanaume wa kutosha kutimiza kumi mara nne. Barabara zilikuwa kavu na kila mmoja alikuwa na gari zuri. Treves naye alikuwepo, na gari jipya. Rabi wa Torino akasoma, watu wakatupa udongo, Kadishi ya Lelio ikasomwa vizuri, na wanaume wakaanza kupangusa viatu na kuulizana wapi kuna chakula kizuri.

Delfina akaenda akasimama katikati ya njia ya kutokea. Akatumia ile sauti yake ya posta ya wakati wa kufunga dirisha.

"Hakuna anayetoka. Bado mmoja."

Wakatazamana.

"Baba alikuwa na dada, Emma Jona, miaka sita. Mwaka huu hajasomewa, kwa sababu ninyi hamkuwepo. Leo mpo."

Rabi alikuwa kijana mpole. Akamsogelea, akamwambia kwa sauti ya chini, "Delfina, pole sana. Lakini siku yake imepita. Ilikuwa Februari."

"Februari ni siku waliyomchukua, Rabi. Siku aliyokufa hatuijui. Huenda ni leo."

"Huenda, lakini…"

"Nithibitishie kwamba si leo."

Rabi akatazama lile kaburi jipya, akawatazama wale wanaume, akauliza, "Atasoma nani? Hakuna mwana."

Delfina akanyoosha mkono. Kwetu mwanamke hasomi Kadishi mbele ya wanaume, na wazee wetu wanane walikuwepo wakisikia, nami nikangoja mmoja wao apige fimbo chini. Hakuna aliyepiga. Rabi akampa kitabu.

Alisoma vibaya. Alikwama kwenye maneno, akayarudia, akasoma bila madaha, kama anavyosoma anwani. Mimi nilikuwa nalia kwa sauti na sikujali. Kila alipofika mahali pa kuitikia alisimama, akainua uso, akatusubiri. Tukaitikia Amina, wanaume wote wale na mimi pamoja nao, na alipomaliza akamrudishia Rabi kitabu na kusogea kando ya njia ili watu wapite.