Mwalimu wa Watoto na Mama wa Kwaya

Mwalimu wa watoto pale kanisani hufundisha upendo kwa sauti ya mtu anayefukuza kuku kwenye nafaka. "Pendaneni!" hufoka, huku akiwaachanisha wawili walioshikana nywele. Vidole vyake vyeupe kwa chaki hufunga kamba za viatu na kupangusa makamasi, na mdomo haupumziki: "Mungu anawapenda, lakini mimi mtaniua." Jumapili hiyo alikuwa hoi. Chumba cha pili kwaya ilikuwa ikifanya mazoezi, na mama anayeiongoza, ambaye hawasalimiani naye tangu walipogombania benchi, alikuwa ameacha mlango wazi makusudi.

"Mpende Mungu, mpende na jirani yako," mwalimu alisema, akishindana na nyimbo. "Haya, jirani ni nani?"

"Mama wa kwaya," alijibu binti mdogo wa mbele. "Mwalimu, kwani wewe unampenda?"

Darasa zima likanyamaza, jambo ambalo mwalimu hakuwahi kulishuhudia. Mwalimu akafoka, "Watoto nyinyi mna balaa!" Akatupa chaki mezani, akatoka kwa hatua nzito, nao wakamfuata hadi mlangoni wakisukumana. Akasimama mbele ya yule mama na kwaya yake yote, akasema huku amebana meno, "Dada, habari za asubuhi?"

Wimbo ukakatika. Yule mama akashika kifua, akamtazama toka juu hadi chini.

"Nzuri, dada. Jamani, nani amefariki?"