Tiara ya Kaka na Upepo wa Kupepetea Maharage

Nina kovu la mbuzi gotini. Nilikuwa na miaka saba, nimejizungushia kamba ya mbuzi wa mjomba mkononi, mbuzi akakurupuka akaniburuta kutoka zizini hadi kwenye migomba ya jirani. Watu walipiga kelele, "Achia! Achia!" Sikuachia. Mbuzi alisimama kwa sababu alichoka yeye. Mimi nikainuka goti limechanika, kamba bado mkononi, najiona mshindi. Mjomba ameisimulia hadithi hiyo kwenye kila harusi ya ukoo wetu, na mwaka jana nusura inifungie mlango wa maisha.

Mwezi wa saba kaka yangu alikuja likizo kutoka pwani. Kule anafanya kazi kwenye shule ya ufukweni, wageni wanajifunza kuteleza juu ya maji wamesimama kwenye ubao huku wanavutwa na tiara kubwa. Alikuja na begi refu mgongoni, na ndani yake tiara kuukuu yenye viraka, pana kuliko chumba changu. Akasema shule inatafuta mwanamke. Wageni wa kike wanataka kufungwa mikanda na mwanamke mwenzao, awasaidie kurusha tiara na kuipokea ikishuka.

"Maji utayazoea kule kule," akaniambia. "Lakini kurusha, ufike unajua. Nina wiki tatu."

Mimi nina cheti cha kidato cha nne, binti wa miaka miwili na nusu, na baba wa binti aliyekwenda Gairo kununua karanga akasahau njia ya kurudi. Nilimpigia simu kumwambia kuhusu kazi. Alicheka. "Tiara? Si mchezo wa watoto huo?" Nilikata simu nikafua nguo zote za nyumba nzima, mpaka zilizokuwa safi.

Mtoto angebaki na mama yangu. Mama alikubali haraka, halafu akatamka lile nililojua linakuja. "Lakini mpaka mjomba wako aseme."

Kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na kaka yake mama ndiye mwenye neno. Uwe na miaka ishirini na nne, uwe umezaa, uwe umesoma, mjomba akikataa basi mama yako halei mtoto wako na wewe huendi popote. Tukapanda kwa mjomba, mimi na kaka. Analima kabichi na karoti kule juu. Tulimkuta amechuchumaa anafunga magunia.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Mmekuja kwa lile suala la kamba." Habari zilikuwa zimetutangulia. Hakuacha kufunga gunia. "Mbuzi alikuburuta, hukuachia. Leo unataka kufungwa kwenye turubai linalopaa. Siku likikubeba, huyo mtoto nimwambie nini?"

Kaka akaingilia. "Mjomba, ina kitu cha kuachia. Ukikisukuma tu, nguvu yote inaisha."

"Tiara inacho. Huyu dada yako ndiye hana."

Nilifungua mdomo, kaka akanikanyaga mguu. Mjomba akatoa sharti. Jumamosi, kabla kaka hajaondoka, angeshuka kwenye shamba la ukoo aone kwa macho yake. Nikirusha vizuri, na akiona najua kuachia, niende. La sivyo nilee mwanangu. Tukateremka mlima. Nikiwa na hasira huwa natembea haraka, kaka alikuwa nyuma yangu anakimbia na begi lake.

Shamba la ukoo liko bondeni, tambarare, mahindi yalikuwa yamevunwa. Siku mbili nzima tuling'oa mabua, maana bua moja kavu linatosha kuitoboa tiara. Kaka alihakikisha hakuna nguzo ya umeme, hakuna mti, hakuna nyumba upande ambako upepo unakwenda. Akajaza tiara upepo kwa pampu ya mkono mpaka ule mrija mnene wa mbele ukawa mgumu kama tairi. Akanyoosha kamba nne, akazifuata moja moja kwa vidole kuanzia mwanzo hadi mwisho, akanilazimisha nami nizifuate. Akanifunga mkanda kiunoni, akaninasa kwa ndoano kwenye fimbo ya kuongozea. Juu ya ndoano kulikuwa na kishikio chekundu.

"Hiki ndicho cha kusukuma. Usifikirie. Ukijiuliza kama uachie, umeshachelewa."

Mama alipewa kazi ya kushika tiara kule mwisho wa kamba. Binti yangu aliketi kwenye mkeka nyuma yangu, upande unakotoka upepo, anakula muwa.

Kosa langu la kwanza ni kosa la kila mtu aliyekulia Morogoro. Tulipokuwa wadogo tulitengeneza tiara za mifuko ya plastiki na vijiti, na njia ilikuwa moja: mwenzako airushe juu, wewe ukimbie. Basi mama akairusha juu, nami nikakimbia. Tena kwa kiherehere nikakimbia kuelekea kwenye tiara badala ya kuipa mgongo! Kamba zikalegea, tiara ikajipindua ikaanguka pua chini, kaka akashika kichwa.

"Unakwenda wapi wewe?"

"Nairusha!"

"Unaifuata! Rudi nyuma. Na wewe mama usirushe, shika tu, upepo ukiibeba ufungue mikono."

"Mbona hukusema?" mama akauliza.

"Nilidhani mnajua."

"Tunajua. Tunajua ya mifuko ya plastiki."

Siku ya pili, ya tatu, ya nne, hivyo hivyo. Upepo wa asubuhi kule bondeni ni mwepesi, unakuja kama mtu anayepuliza uji. Kaka alisema huo ndio mgumu. Upepo mkali unainyanyua tiara hata kwa mjinga, mwepesi unataka akili. Nilikuwa navuta fimbo kwa nguvu zote nikidhani ndiyo itapanda, kumbe ukivuta sana tiara inakabwa, inarudi kinyumenyume na kuanguka. "Legeza!" kaka anapiga kelele. Mimi, nilegeze! Nikasirike, nivute zaidi, ianguke. Vijana waliokuwa wanapita na baiskeli wakaacha kwenda mjini, wakakaa wanatazama.

"Dada, ongeza na ungo utaruka vizuri!"

"Njoo nikufunge wewe!" nikawajibu. Walicheka mpaka mmoja akaangusha baiskeli.

Siku ya tano tulichelewa kufunga kazi. Ilikuwa imeshapita saa saba. Kuanzia saa hiyo mlima huwa unaanza kutupa upepo wake chini kwa mafungu, kimya, kisha kishindo, kisha kimya tena. Tiara ilikuwa imepanda nusu, kwa mara ya kwanza, nami nimejaa furaha, na fungu moja likashuka. Likanivuta. Kaka alipiga kelele, "Achia!" Nawaapia nilikiona kile kishikio chekundu. Nilikiona kabisa. Nikashika fimbo kwa mikono miwili. Nikaburutwa kifudifudi hatua kama kumi na tano mpaka upepo wenyewe ulipokata.

Kaka hakunipa mkono kuinuka. "Mjomba alisema kweli," akasema, akaanza kukunja kamba. Nilitamani kumpiga. Kiwiko kilikuwa kinatoka damu, mdomo umejaa udongo, na mbaya zaidi alikuwa sahihi.

Kesho yake nilimwambia asijaze tiara. Nikavaa mkanda, yeye akashika kamba kwa mbele anivute, nami nisukume kishikio. Mara ya kwanza nikachelewa. Mara ya ishirini mkono ukaanza kwenda wenyewe. Nilifanya hivyo hadi nyumbani, napika ugali, kaka akigonga meza ghafla mkono wangu unasukuma hewa. Binti yangu akadhani ni mchezo, naye akawa anasukuma hewa na kusema "Achia!" kila akisikia kishindo.

Lakini tiara ilikuwa bado haipandi ikatulia. Aliyenisaidia ni mama. Asubuhi moja alikuja shambani na mfuko wa makapi ya maharage. Mama amepepeta maharage maisha yake yote, anapanga ungo kwa kuusikia upepo shavuni, na upepo mwepesi ndio anaoupenda, kwa sababu mkali unamwaga na maharage. Alichota makapi, akayaachia kutoka usawa wa kichwa, akayatazama yanakoangukia. Akaachia tena.

"Mmejipanga vibaya," akasema. "Siku zote hizi mnajipanga vibaya. Upepo hautoki barabarani, unatoka kwenye ule mwembe uliokatwa. Mimi nashika hili dude pembeni mno, halipati kitu, linapigapiga tu. Ningepepetea hapo, makapi yote yangerudi kwenye ungo."

Kaka akatazama kitambaa alichokuwa amekifunga kwenye kijiti kumwonyesha upepo unakotoka. Kilikuwa kimelala. Upepo ulikuwa mdogo mno kukiinua, lakini makapi uliyabeba.

Mama akasogea hatua nne, ndani zaidi kidogo upande unakokwenda upepo. "Halafu wewe," akaniambia, "usiulazimishe. Nikipepeta na upepo huu simwagi yote. Nasubiri ushike, namwaga. Ukikatika, natulia."

Nikanyoosha kamba. Nikamwangalia mama, nikainua kidole gumba. Tiara ikajaa. Niliuhisi uzito kiunoni, mdogo, kama mtoto anayevuta kanga yako anataka kitu. Mama akafungua mikono. Sikuvuta. Nilirudi nyuma hatua moja, ya pili, polepole, kamba zimekaza, fimbo nimeilegeza, na lile dude la viraka likapanda kandokando, likapanda, likapanda, mpaka likawa juu kuliko miti.

Nilipiga kigelegele. Mama naye akapiga kigelegele. Wale wa baiskeli wakapiga mluzi.

"Usiipeleke utosini!" kaka anapiga kelele, sauti inakwaruza kwa furaha. "Upepo mdogo, utosini inalegea inakudondokea! Iache kando, itembeze!" Nikaitembeza. Nacheka peke yangu kama kichaa. Nilirusha mara tisa asubuhi ile.

Jumamosi mjomba akaja, saa nne kamili, na gumboti zake. Nilimpa mkeka nyuma yangu na nikamkabidhi mtoto. "Mjomba, umshike mkono. Asivuke mbele yangu."

"Nimelea watoto kumi na mmoja," akasema. "Rusha."

Nikaachia makapi. Nikamsogeza mama hatua mbili. Nikapitisha vidole kwenye kamba, nikagusa kishikio chekundu, nikainua kidole gumba. Ilipanda vizuri kuliko siku zote. Nyuma yangu nilimsikia mjomba, "Lo! Lo! Lo!" na mimi nikavimba kichwa, nikasema moyoni, sasa utaiacha hadithi ya mbuzi.

Halafu nikasikia, "Bibi!"

Mtoto alikuwa amemwona bibi yake kule mbele, ameshaiachia tiara, mikono mitupu. Alinipita upande wa kulia, anakimbia moja kwa moja chini ya kamba. Na sekunde hiyo hiyo upepo ukakatika. Kamba zikalegea, zikaanza kushuka juu ya kichwa chake. Ningevuta, tiara ingebaki hewani. Ulikuwa mrusho wangu mzuri kuliko yote, lakini ningevuta kamba zingekaza kama waya kwenye shingo ya mwanangu.

Sikujiuliza. Mkono ulikwenda. Kishikio kikafyatuka, fimbo ikanitoka, tiara ikakunjamana ikaserereka mbali na kulala. Kamba zikaanguka kwenye udongo laini kama nyuzi za kushonea. Mtoto akasimama katikati yake, akainama kuokota moja. "Achia!" mama, aliyekuja mbio, akamwambia, na akaachia, akanyakuliwa juu.

Nikageuka. Mjomba alikuwa bado ameinua uso mbinguni, mkono wake umenyooka pembeni kana kwamba umeshika kitu.

"Mjomba!" Nilimfokea. Kaka yake mama yangu, mwenye neno, nilimfokea mbele ya watu. "Nilikwambia umshike! Miaka kumi na saba unanitangaza mimi siachii, leo wewe umeachia mtoto! Mtoto, mjomba!"

Kaka akafunga macho. Mama, mtoto mkononi, akaweka mkono wa pili mdomoni. Nikajua nimejimaliza. Kazi imekwenda, pwani imekwenda, na bado nilikuwa nahema na maneno mengine yananijia.

Mjomba akautazama mkono wake.

"Nilikuwa naangalia juu," akasema.

"Nimeona."

"Hujamaliza kusema?"

"Bado."

"Utamalizia ukirudi likizo." Akavua kofia, akajipangusa uso. "Mama yako ana kanga ya ziada?"

Hatukumwelewa. Akaifuata mwenyewe kwa mama, akaiomba pamoja na mtoto, akainama, akamweka mgongoni, akamfunga kifuani fundo la kweli, si la mwanaume anayejaribu. Babu mzima wa gumboti na mtoto mgongoni. Kijana mmoja akathubutu, "Mzee, umependeza!"

"Nyamaza, mwenda mjini asiyefika," mjomba akamjibu. Akarudi nyuma yangu, akasimama imara, mikono yote miwili nyuma ameushika mzigo wake.

"Haya. Irushe tena, safari hii nipate kutazama vizuri. Halafu uende zako."

Kaka akaanza kunyoosha kamba, anacheka chinichini. Nikazifuata kwa vidole, moja, mbili, tatu, nne, zote safi. Nikarudisha kishikio chekundu mahali pake. Nikachota makapi, nikayaachia. Yalielea kidogo, yakaenda upande wa mama.

Nikainua kidole gumba.