Dawa ya kupaka robine

Baada ya volkano, tuliporudi Ndosho, kijana mumoja mwenye glavu alikuja kupaka dawa kwenye robine, bomba la maji ya mutaa. Akasema inaua virusi mwaka muzima, kwa hiyo tuondoe ndoo ya kunawia mikono. Maneno matamu nayajua: hata waasi walitufikia nayo. Nyumbani nilikuwa na mujukuu wa wiki mbili, na kila mutu alitaka kumubeba.

"Hiyo robine tunaisugua na muchanga ya volkano kila asubuhi," nikamwambia. "Dawa yako itabaki wapi?"

"Basi, mama, musisugue tena."

Wamama waliokuja kuchota maji wakamucheka: tuache uchafu ndiyo tupone?

"Vua hizo glavu, mutoto yangu, uishike hiyo robine wewe kwanza," nikamwambia.

Hakuvua. Nikawaambia wamama: asiyenawa kwenye ndoo hatabeba mujukuu wangu.