Mbio za Siku ya Thelathini

Watu wakinisikia nikisema kwamba niliwahi kushindana kuogelea, kupanda baiskeli na kukimbia, vyote vitatu asubuhi moja bila kupumzika, hucheka. Hulitazama tumbo langu, huyatazama magoti yangu, kisha hucheka tena. Nawaacha wacheke. Mimi mwenyewe nimejaribu kuicheka siku ile na sijaweza.

Ilikuwa katikati ya miaka ya hamsini, Ramadhani ilipoangukia masika. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nikifanya kazi katika shamba la mkonge kwenye njia ya Pangani. Nilikuwa upande wa korona, pale majani ya mkonge yanapokamuliwa mpaka zibaki singa, nyuzi tupu. Kazi yangu ilikuwa kuzibeba zile singa mbichi na kwenda kuzianika. Maji ya mkonge yanawasha, jamani. Yanawasha shingoni, kwapani, katikati ya vidole, na ukijikuna umejiharibia. Wenzangu wengi walikuwa watu wa bara, waliotoka mbali wakaja kwa mkataba, nao walinishangaa: mtoto wa mtaa wa Usagara, mwana wa imamu, anatafuta nini hapa? Mtaani kwetu nako walinishangaa kwa sababu hiyohiyo. Mama aliwaambia majirani kwamba mimi ni karani. Mchana nilikuwa naanika singa, na jioni nikipita barazani naitwa karani, nami naitika.

Kuogelea nilijifunzia kwenye muwasho huo. Kila nikitoka kazini nilikwenda moja kwa moja baharini, kwani maji ya chumvi ndiyo pekee yaliyonituliza, na mtu akikaa ndani ya maji kila siku mwaka mzima ataogelea tu, hata asipotaka. Baiskeli nilikuwa nikiazima ya mjomba wangu, fundi cherehani, nyeusi, nzito, yenye kiti kilichoshonwa upya kwa turubai. Siku mjomba alipokuwa na safari zake, nilikwenda kazini kwa miguu, na kwa kuwa nilikuwa mchelewaji, nilikwenda mbio. Kwa hiyo yale mashindano yalipotangazwa nilihisi kama yametungwa kwa ajili yangu.

Tangazo lilibandikwa sokoni. Ofisi moja ya bandarini ilikuwa ikitafuta tarishi, mtu wa kupeleka karatasi mjini na kwenye meli, na Mzungu wa ofisi ile, mpenda michezo, aliona njia nzuri ya kumpata ni kuwashindanisha watu. Wataogelea kutoka ufukwe wa Ras Kazone mpaka boya na kurudi. Watapanda baiskeli njia ya Pangani mpaka kwenye lango la shamba la mkonge, lango la shamba letu hasa, na kurudi. Kisha watakimbia kuzunguka mji na kumalizia kwenye uwanja wa Usagara. Wa kwanza ataajiriwa, atapewa sare ya kaki na baiskeli ya ofisi. Wa pili atapewa mkono wa hongera. Mashindano yatafanyika asubuhi ya Idi.

Sasa huyo Mzungu, Idi aliipata wapi? Aliisoma kwenye kalenda, akaichapa, akaibandika, kama mtu aliyekwisha kukubaliana na mwezi.

Usiku wa mwezi ishirini na tisa tulitoka wote kuutazama. Mawingu ya masika yalikuwa yameziba mbingu yote, hata nyota hatukuiona. Baba alikaa nje ya msikiti wake mpaka isha, wazee wakaja kuulizana, hakuna aliyeuona wala aliyesikia kwamba umeonekana mahali. Basi kesho ikawa siku ya thelathini, siku ya kufunga, na mashindano yalikuwa palepale. Vijana wengi wa Kiislamu walijitoa usiku uleule. Mimi sikujitoa. Nilikwenda kwa baba, nikakaa chini mbele yake.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Najua ulilolijia."

Nilimwambia kwamba kuna watu wanasema msafiri ana ruhusa ya kula.

"Safari gani hiyo, ya kutoka hapa ukarudi hapa kabla ya adhuhuri?" alisema. "Hata kuku wa mama yako huenda mbali kuliko hivyo."

Baba yangu hakuwa mtu mkali. Alikuwa mtu wa hakika, na mtu wa hakika ni mgumu kuliko mkali. Alijua habari ya mikono yangu. Aliniona nikijikuna wakati wa kula na alikuwa akigeuza uso.

"Nenda," alisema mwishoni. "Nenda na saumu yako. Baharini funga mdomo, maji yasiingie. Na njiani utasikia maneno. Huyu atakwambia mwezi umeandama, huyu atakwambia umeonekana kwa fulani. Usimsikilize mtu. Usifungue mpaka unisikie miye. Ikiwa ni kweli, nitakuja nikwambie mwenyewe."

Nikamwambia vyema, baba. Nilimbusu mkono nikaenda kulala, na nilikuwa na furaha, Mungu anisamehe. Nilikuwa na hakika ya kushinda.

Tulianza saa moja asubuhi, watu kumi na mmoja. Aliyenitia wasiwasi alikuwa mmoja tu, kijana wa reli, Mkristo kutoka bara, mrefu, mpole, ambaye alinipa mkono kabla ya kuingia majini na kuniuliza nimeamkaje. Alikuwa amekunywa uji. Nilimwona akifuta mdomo.

Kuogelea huku umefunga ni balaa. Anayejua kuogelea huzamisha uso, hugeuza kichwa, huvuta pumzi, na maji kidogo yakiingia huyatema akaendelea. Mimi niliogelea kichwa juu, shingo imekakamaa, midomo nimeibana, nikipumulia pua. Mbwa huogelea vile. Kusi ilikuwa imeanza na mawimbi madogo yalinipiga usoni, na kila nilipoonja chumvi nilijiuliza ni mdomoni tu au imekwisha kupita kooni. Bahari niliyoizoea kila jioni, iliyokuwa ikiniponya, asubuhi ile niliiogopa kama chakula. Nilitoka majini wa tano.

Kwenye baiskeli ya mjomba niliwapata. Njia ile nilikuwa naijua shimo kwa shimo, nikijua wapi tope la masika limeficha jiwe na wapi ukanyage kwenye majani pembeni. Mmoja alipasukiwa na mpira, mwingine alianguka, wengine niliwapita tu. Kabla ya kufika lango la shamba nilimpita hata kijana wa reli. Mnyapara wetu alikuwa langoni, akapiga kelele, "Huyo! Wa singa huyo!" Nikageuza. Mbele yangu hapakuwa na mtu, na nikawaza sare ya kaki ilivyo na mifuko minne.

Katika kurudi niliona kundi la watu wakitoka upande wa kusini, wanatembea kando ya njia, wamevaa kanzu nyeupe safi na kofia mpya. Nilizijua sura mbili tatu, watu wa Kigombe, wavuvi wanaoleta samaki mjini. Mmoja wao, mtu mzima, alisimama katikati ya njia akainua dafu lililokwisha kufunguliwa.

"Kunywa, mwanangu! Mwezi umeandama! Kwetu tumeuona jana magharibi, mbingu nyeupe kabisa! Mwenzetu katangulia kwa lori alfajiri, kupeleka habari mjini!"

Nilikanyaga breki. Nililitazama lile dafu. Maji yake yalikuwa yakimwagika kidogo kidogo kwenye vidole vyake.

"Nashukuru, mzee," nilisema. "Namsubiri baba."

Alinitazama kama mtu asiyeelewa lugha. "Lakini leo Idi! Leo haramu kufunga!"

Nikapanda nikaenda zangu. Sikumwona kuwa mwongo, hilo nataka lieleweke. Lakini kama mwenzao alikuwa amekwisha kufika mjini, basi baba amekwisha kujua, na kama baba amejua na habari ni ya kweli, yuko njiani ananitafuta. Alisema atakuja mwenyewe. Baba yangu hajapata kusema jambo asilitende. Kwa hiyo nilipoingia mjini nikaacha baiskeli, nilianza kukimbia nikiwa wa kwanza, na nilianza kumtafuta.

Nilimtafuta kwenye kona ya kwanza. Palikuwa na watu wengi, hakuwapo. Nilimtafuta karibu na soko. Pale niliona watoto wamevaa nguo mpya, mmoja ana kipande cha mkate mkononi, na mwanamke mmoja akanipungia kikombe, nikatikisa kichwa. Nilipokaribia bandari nilisikia takbira kutoka msikiti fulani, sauti nyingi pamoja, na nilipunguza mwendo nisikilize. Naam, nilipunguza mwendo, katikati ya mashindano, nikitafuta sauti ya baba yangu ndani ya zile sauti. Kama ningaliisikia ningalihesabu kwamba nimemsikia, ningalikunywa hata maji ya mfereji. Sikuweza kuitambua. Zilikuwa sauti za wanaume tu, wanaoimba kwa furaha.

Nilijua ni Idi. Kufikia hapo nani asingejua? Lakini sikunywa. Nimejiuliza miaka yote hii kwa nini sikunywa, na jibu nililonalo ni la kijinga: nilitaka aje. Nilitaka nimwone amesimama kwenye kona, kanzu ameishika kwa mkono isiguse tope, anasema, kunywa mwanangu. Nilikuwa nimeitamani kazi ile mwaka mzima, na ghafla nikaona natamani hicho zaidi.

Uwanja wa Usagara ulipoonekana, miguu ilikufa. Haikuuma, ilikufa. Nilisikia hatua nyuma yangu, hatua za mtu aliyekunywa uji, zikaja zikapita. Kijana wa reli alinigusa bega alipokuwa akinipita, sidhani kwa ubaya. Nilimfuata nikitembea, kisha nikikimbia, kisha sikumbuki. Nilimaliza wa pili, nikaanguka. Mtu alinimwagia maji kichwani, nami nikafumba mdomo.

Nilipofumbua macho nilimwona baba. Ng'ambo ya uwanja, kwenye baraza ya jirani yetu, amekaa na wazee wenziwe watatu. Alikuwa amekwisha badili nguo. Alivaa joho lake la Idi na kilemba cha kijani, na mkononi alikuwa na kikombe cha kahawa. Alikuwa anacheka jambo aliloambiwa. Kisha akatazama upande wangu, na kicheko kikamtoka polepole, na kikombe kikabaki pale hewani.

Alikuja akivuka uwanja, na tope lilimwingia kwenye viatu vyake vipya. Aliinama.

"Kunywa," alisema. "Mwezi umeandama."

"Tangu saa ngapi, baba?"

"Mtu wa Kigombe aliyeuona alifika saa mbili na nusu, lori lilikwama topeni. Tukamwapisha, tukaita watu, sala ikawa inatupita. Watu walikuwa wengi. Mimi ndiye wa kuwaswalisha." Alinifuta maji usoni. "Ungelikunywa, mwanangu. Kufunga leo ni haramu."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Kazi nimeikosa, na saumu iliyonikosesha haikuwa saumu, ilikuwa dhambi. Na hakunisahau kwa uovu. Alikuwa na furaha, basi, Idi imekuja, akanisahau. Ningalipenda awe amekusudia. Mtu aliyekusudia unaweza kumkasirikia mpaka ukachoka ukaacha.

Kijana wa reli alivaa kaki. Alikuwa akija shambani mara kwa mara kuleta karatasi, na kila akija alinitafuta tusalimiane, nami nilimsalimia, mikono yangu ikitiririka maji ya mkonge. Mashindano hayakurudiwa tena. Yule Mzungu alihamishwa. Mama aliendelea kuwaambia watu kwamba mimi ni karani. Kabla ya mwaka kwisha nilipata chumba kwenye kambi ya shamba, nikaoa huko, na nikaanika singa mpaka nywele zikaanza kupata mvi. Kuogelea niliacha. Muwasho niliuzoea.

Juu ya siku ile baba hakusema neno tena mpaka alipokufa. Lakini Idi ya mwaka uliofuata, asubuhi na mapema, nilisikia hodi. Alikuwa yeye, kwa miguu kutoka Usagara, kanzu imeroa hadi magotini, anahema. Mji mzima ulikuwa umekwisha pata habari tangu usiku, kambi nzima inanuka pilau.

"Mwezi umeandama," aliniambia, amesimama mlangoni. "Nimekuja kukwambia mwenyewe."

Alikuja hivyo kila mwaka, hata macho yalipomwishia, akishika ukuta wa kibanda kimoja mpaka kingine kutafuta mlango wangu. Na kila mwaka nilikuwa nimekwisha kunywa chai. Nilikificha kikombe, nikamwambia, "Asante, baba, nilikuwa nakusubiri."