Kikombe Kilichonishinda

Nakumbuka siku niliyoshindwa kunywa dawa niliyoichemsha kwa mkono wangu mwenyewe. Kaa nikusimulie, mwanangu, maana naona na wewe umeanza kubandika karatasi kwenye chupa za dawa.

Bibi yangu, aliyenilea hapa kisiwani Juani, alikuwa mganga wa mitishamba. Hakuchukua mzizi ambao hajauona mti wake umesimama, na kila dawa aliionja yeye kwanza, mgonjwa akimtazama. Mimi nikaona uzee tu huo. Hifadhi ya bahari ilikuwa imeanza, nyavu za mume wangu zimepigwa marufuku, nami nikataka riziki ya haraka. Nikanunua mizizi iliyokwisha kukatwakatwa kwa mchuuzi wa Kilindoni, nikaichemsha, nikaitia kwenye chupa za maji, nikawauzia kina mama wanaolima mwani kuwa ni dawa ya chango, yale maumivu ya tumbo la uzazi.

Shoga yangu Mwanahawa alinunua. Alikuwa na mimba ya miezi mitatu. Sikumuuliza, naye hakusema. Siku ya pili akaanza kutoka damu, tukampakia mashuani kumkimbiza hospitali. Yeye alipona. Mimba haikupona.

Niliporudi nilimkuta bibi kibarazani, mbele yake kikombe amekijaza dawa yangu.

"Shikamoo, bibi."

Hakuitikia. Wallahi, ndiyo mara pekee maishani mwake. "Kunywa," akasema.

Nikakishika, nikakirudisha chini. "Bibi, sijui ni mzizi wa mti gani."

"Mwanahawa alijua?"

Nililia, mwanangu, na hadi leo nikikumbuka nalia. Haraka haraka haina baraka, tunasema kila siku, lakini baraka niliyoipoteza mimi ilikuwa ya mtu mwingine.

Basi watu wa serikali wakikutaka upeleke dawa yako ikapimwe, uisajili, usinung'unike kama wenzio eti wanadharau mambo ya wazee. Ebo! Wazee ndio walioanza kupima. Ujue mti wako. Andika kipimo na tarehe juu ya chupa, na mwanamke umuulize kama ana mimba kabla hujampa kitu. Ukiingiwa na shaka, mwaga, hata kama ni sufuria nzima.

Mwanahawa angali jirani yangu. Ananisalimu vizuri tu, ila kwangu hanunui hata tangawizi.

Mwenyezi Mungu akujaalie mkono wa kuponya, mwanangu, na akunyime usingizi siku utakayompa mtu dawa usiyothubutu kuinywa wewe.