Boriti ya Chumba cha Mama

Kaka wa mshonaji mmoja alikuwa na dawa moja tu ya maradhi yote ya nyumba, nayo ilikuwa rangi. Ukuta ukilowa, anapaka rangi. Mlango ukioza, anapaka rangi, tena mara mbili. Mtaani walimwita Brashi, naye kwa upuuzi wake alidhani anasifiwa. Dada yake, huyo mshonaji aliyeweka cherehani sebuleni, hakujisumbua kumwita jina lolote. Akimsikia tu anaingia, alisonya na kuendelea kukanyaga.

Mama yao alimwona mwanamume huyo kwa macho mengine kabisa. Kwa kuwa alirithi jina la babu yake mzaa mama, tangu azaliwe mama alimwita "baba", na hakuwahi kumwita vingine. Binti, anayemwosha, anayemlisha na kumgeuza kitandani tangu miguu ilipomkatalia, aliitwa "wewe". Wewe, leta maji. Wewe, funga dirisha.

Sasa kukazuka habari ya unga. Kila asubuhi mshonaji alikuta unga laini, mweupe kiasi, umedondoka kwenye shuka la mama. Anakung'uta, kesho uko palepale. Juu ya kitanda ilipita boriti iliyobeba paa la chumba kile, na boriti ile ilikuwa imejaa matundu. Akamwita kaka yake.

"Vumbi la barabarani hilo," Brashi akasema, mikono kiunoni kama mhandisi.

"Vumbi la barabarani linatokea ndani ya boriti?"

"Dada, wewe shona nguo. Nyumba niachie mimi."

Akapanda ngazi, akaziba matundu kwa gundi na kupaka rangi ya maziwa juu yake, huku akipiga mluzi. Mama alifurahi mpaka akasahau maumivu. "Unaona, wewe? Baba yangu kashamaliza kazi."

Mshonaji akameza hasira yake. Jioni alichukua kipande cha bitana nyeusi, akakitandika juu ya shuka. Kulipokucha, vichuguu vidogo vya unga vilikuwa vimejipanga juu ya kile kitambaa, na kule juu kwenye boriti matundu mapya yalikuwa yametoboa rangi ya bwana mkubwa. Akapanda kwenye stuli. Hakuona njia ya udongo hata moja, kwa hiyo si mchwa. Matundu yalikuwa ya mviringo, madogo kama kichwa cha pini, na ndani yake mbao ilikuwa nyeupe, mpya. Wadudu walikuwa bado wamo, wanabungua. Alichukua sindano ya kushonea magunia, akaisukuma kwenye boriti. Ikazama yote kama inaingia kwenye mkate. Akashuka, akamwinamia mama.

"Mama, leo uhamie chumbani kwangu. Boriti hii itakuangukia."

"Baba amesema nzima."

"Mimi nimeichoma kwa sindano!"

"Wewe tangu utotoni unamwonea wivu," mama akasema, akageukia ukutani.

Neno hilo lilimkata maini. Alitoka akalia jikoni, kisha akajichukia kwa kulia.

Alasiri Brashi akaja kumjulia mama hali. Alivuta kiti akakiweka mlangoni kabisa, nusu ya miguu ikiwa nje. Mshonaji, aliyekuwa anampa mama uji, alisimamisha kijiko. Mtu huyu siku zote alikuwa anakaa kitandani, anadokoa kwenye sahani ya mama kama mtoto. Leo, siku moja tu baada ya kupaka rangi ile, havuki mlango. Kumbe alikuwa anajua! Alisikia kwa mkono wake mwenyewe jinsi mbao ilivyoliwa alipokuwa anaziba matundu, akajitia hamnazo.

"Sogea karibu na mama," akamwambia.

"Hapa kuna upepo."

"Boriti iko salama?"

"Salama sana! Tutazeeka tuiache, itatuzika sote hiyo."

"Basi leo ulale hapa. Mama atalala kwangu. Usiku mmoja tu."

Brashi akakohoa. Mgongo wake hautaki godoro laini. Halafu kuna mtu anamsubiri. Halafu chumba kina joto. Huku akijitetea, macho yake yakapanda kwenye boriti na kushuka haraka, na mama akayaona. Alimtazama mwanawe kwa muda, kisha akatazama kiti kule mlangoni.

"Nitoeni humu," akasema.

Seremala alikuja, akategemeza paa kwa miti na kuishusha boriti. Ilipogusa sakafu ilikatika vipande, na ndani, chini ya rangi nzuri ya maziwa, yalikuwamo mabuu meupe yaliyojikunja kwenye vijia vyao. Boriti nyingine alizipiga dawa, tundu kwa tundu, kwa bomba la sindano. Vipande vilichomwa uani. Mshonaji alisimama akitazama moto na kuona kwamba hana chuki kubwa na wadudu wale. Wao angalau walikula kwa njaa. Alitegemea atafurahi kwa ushindi wake, lakini alijikuta anafagia tu majivu, kama kazi nyingine yoyote ya nyumba.

Boriti mpya ilipokaa sawa na dawa kukauka, wakamrudisha mama chumbani. Kabla hajakaa vizuri, huyo Brashi, ngazi begani na kopo mkononi! Akapanda mpaka juu, safari hii bila woga, akachovya brashi.

"Naipaka rangi ileile, mama. Itapendeza."

"Wewe," mama akaita.

Brashi akageuka kumtazama dada yake, akangoja aitike.

"Wewe uliye kwenye ngazi," mama akasema. "Shuka. Iache hivyo hivyo, nataka niwe naiona mbao."