Faini ya Zekharya, Mnasa Sauti za Walionusurika

Anayesimulia hakatizwi. Kanuni hiyo haikuandikwa ukutani, wala hakuna anayeikumbusha kabla ya kazi kuanza. Kila aingiaye katika nyumba ya mtu aliyenusurika Maangamizi ya Wayahudi, kwa nia ya kumsikiliza, huwa anaijua tayari.

Saa tatu asubuhi, mjini Haifa, Zekharya Badihi anapiga magoti jikoni kwa mzee mmoja wa mtaa wa Hadar na kuchomoa waya wa friji ili isivume kwenye rekodi. Kisha anafungua mlango wa friji hiyo na kuweka funguo za gari lake juu ya bakuli la mayai.

"Nisipofanya hivi nitasahau kuirudishia umeme," anaeleza. "Bila funguo siondoki. Zamani niliwahi kumwozeshea bibi mmoja kuku wake wa Sabato, akanisema mpaka Pasaka."

Anatoa betri katika saa ya ukutani, anafunga madirisha, anatandika blanketi juu ya meza ya kioo ili sauti isirudi. Hapo ndipo anapovaa visikilizi vyake vya masikioni, na mzee anaanza kusema.

Zekharya ana umri wa miaka hamsini na saba. Anafanya kazi na chama kidogo kinachorekodi ushuhuda wa walionusurika mauaji ya Wanazi na kuwapeleka mashuleni wale ambao bado wana nguvu, hasa katika majira ya kuchipua, wiki ya kumbukumbu inapokaribia. Huwaendesha kwa gari lake mwenyewe. Malipo ya siku nzima hayafikii theluthi ya anachopata kwa kurekodi harusi moja, kwa hiyo kila kiangazi hurudi harusini ili alipe kodi ya nyumba.

Jamaa zake hawakupitia Ulaya. Baba yake alikuwa mfua fedha kutoka Yemen.

"Nilipoanza, watu waliniuliza, wewe Myemeni unatafuta nini huku? Nikawajibu, natafuta waya wa friji niuchomoe."

Kwa muda mrefu alijihesabu kuwa mtunzaji mwaminifu wa kanuni ile. Mwanzoni mwa mwaka huu aliivunja.

Ilikuwa nyumbani kwa Bi. Tsila Grinshpan, mwenye umri wa miaka tisini, ambaye Zekharya alikwisha kumpeleka mashuleni mara nyingi. Kisa chake alikijua kama mtu ajuavyo njia ya kwenda kwake. Safari hii palikuwa na haraka: binti yake, Orna, alikuwa akimhamishia kusini, karibu na Beer-Sheva, na alikuwa amemnong'oneza Zekharya mlangoni kwamba mama ameanza kusahau maneno. Ushuhuda kamili wa bibi huyu haukuwahi kurekodiwa. Kama usingekamilika kabla ya kuhama, yamkini usingekamilika kamwe.

Muulizaji alikuwa Noga Harpaz, mwalimu wa zamani. Bi. Tsila alisimulia vizuri mpaka alipofika mwaka 1943, katika dari la nyumba ya mkulima mmoja wa Poland, alikofichwa akiwa na miaka minane.

"Tulikuwa watatu humo darini. Mama, dada yangu Rivtshe, na mimi. Ilikuwa asubuhi," alisema. Kisha akanyamaza.

Kimya kikawa kirefu. Noga hakutikisika. Zekharya alimtazama bibi yule, akakumbuka maneno ya Orna, akaingiwa na huruma. Akasema kwa sauti ya chini, "Kisha mkasikia viatu kwenye ngazi."

Bi. Tsila aligeuza kichwa polepole.

"Kumbe unajua," alisema. "Basi simulia wewe."

Alijibandua maikrofoni kifuani, akaiweka mezani, akaenda jikoni kuosha vikombe ambavyo vilikuwa safi.

Noga alijaribu kumbembeleza, asifanikiwe. Garini hakuficha ghadhabu yake. "Umesikia shuhuda ngapi, Zekharya? Kimya kinakutisha leo?"

"Nilidhani amesahau."

"Wewe ndiye uliyesahau."

Jioni ile Zekharya aliketi na rekodi zake za miaka iliyopita. Kwa ajili ya shule huwa zinafupishwa, na mfupishaji alikuwa yeye. Akasikiliza zile asilia, ambazo hazijaguswa, kisha zile alizozikata. Kila mahali aliponyamaza mtu, yeye alikuwa amepita na mkasi.

"Nilikuwa naona fahari," asema. "Walimu walinisifu kwamba wanafunzi hawachoki. Nikatambua kwamba kwa Mama Tsila sikuteleza ulimi tu. Nilifanya kwa mdomo kile nilichozoea kufanya kwa mikono."

Ijumaa kabla ya Sabato alikwenda kwa Bi. Tsila bila mashine, akiwa amebeba kubaneh, mkate wa Sabato wa Wayahudi wa Yemen, aliouoka mkewe usiku kucha. Bibi alifungua mlango nusu.

"Umeleta rushwa."

"Nimeleta mkate, Mama Tsila."

"Na ile pilipili yenu ya kijani umeleta? Ndiyo inayowafanya Wayemeni msiweze kutuliza ndimi."

"Nimeleta. Ukipenda, nipake mimi kwanza nikome."

Hakucheka, ila alifungua mlango wote. Walipokwisha kuketi, akamsomea hukumu kama hakimu.

"Una faini. Utakuja Jumatano bila zile ndoo za masikioni. Mashine atashika Noga. Wewe utakaa kiti kile, mbele yangu, mikono magotini. Nikinyamaza, unyamaze. Nikitaka kunyamaza mpaka jua lizame, utanyamaza mpaka lizame."

"Na nikibanwa na kikohozi?"

"Kohoa sasa, umalize."

Zekharya asema hakuwahi kuiogopa kazi kama alivyoiogopa Jumatano ile. Mnasa sauti hujificha nyuma ya mashine yake. Hutazama sindano ya kupimia sauti ikipanda na kushuka, na machozi ya mtu humfikia kama kipimo. Sasa alikaa bila maficho, magoti yake yakikaribia kugusana na ya bibi. Orna naye alikuwapo, amesimama kwenye mlango wa chumba cha kulala.

Bi. Tsila alianza tangu mwanzo, bila kuruka neno, hata akafika darini.

"Tulikuwa watatu humo. Mama, dada yangu Rivtshe, na mimi. Ilikuwa asubuhi."

Akanyamaza.

Zekharya alisikia lifti ikipanda na kushuka, mtoto wa jirani akipiga mpira, kisha hakusikia kitu. Maneno ya viatu na ngazi yalimjaa mdomoni. Alikaza meno. Bibi alikuwa akimkazia macho, na yeye hakuyakwepa. Hakujua ni muda gani ulipita, kwa kuwa saa ya ukutani alikuwa ameisimamisha kwa mkono wake.

"Mama alicheka," akasema Bi. Tsila.

Orna aliinua uso.

"Mwenye nyumba alikuwa akipiga chafya kama mbuzi. Rivtshe akamwigiza. Mama alikuwa akimchana nywele, akacheka mpaka akauma blanketi. Nami nikacheka. Mashuleni nasema kila siku kwamba tuliogopa. Tuliogopa, ndiyo. Lakini asubuhi ile mama alicheka."

Akapumua.

"Sikusema, kwa kuwa watu wangedhani kicheko ndicho kilichowaleta askari. Si kicheko. Walikuja wakiijua nyumba. Tulikuwa tumekwisha kuchongewa. Kila ninapofika hapo huwa najiuliza, leo niseme au nisiseme? Na kila mara mtu hukohoa, au mwalimu hunipa maji, nami naenda moja kwa moja kwenye viatu."

Kisha akasimulia viatu, na jinsi mama yake alivyomsukuma nyuma ya mbao za dohani. Mama na Rivtshe walishushwa ngazi. Hawakurudi.

Orna alikuwa amekaa sakafuni. "Hukuwahi kuniambia kwamba bibi yangu alikuwa mcheshi," alisema.

"Hukuwahi kuninyamazia," mama yake akamjibu, bila ukali.

Tangu siku ile Zekharya amekwisha kupanga jambo atakalolifanya kabla ya kustaafu: kuzifungua tena rekodi zote alizozifupisha, moja baada ya moja, na kurudisha kila kimya mahali pake. Noga amemwonya kwamba shule zitanung'unika. "Zinung'unike," asema. "Wanafunzi watajifunza kungoja."

Jumatano ile, hata hivyo, hakuruhusiwa kusema lolote mpaka mashine ilipozimwa, na bado bibi alimwacha akae vile vile, mikono magotini. Mwishowe alimwinamia.

"Sasa sema."

Zekharya hakuinua mikono magotini. "Sina neno, Mama Tsila."

Bibi aliridhika.

"Faini umelipa," alisema. "Nyanyuka, umenikalia mbele kama daktari."